Nani Mwenye Hesabu? Hataza, Picha za Kompyuta na Ukimya wa Sheria Yetu

Jioni moja mwanafunzi wangu wa mwaka wa tatu alinijia ofisini akiwa na simu mkononi na uso wa mtu aliyefiwa. Ni binti aliyekulia Igogo, hapa Nyamagana, na baba yake anaendesha mtumbwi wa injini katika Ghuba ya Mwanza. Kwa miezi kadhaa alikuwa akiandika programu inayoonesha ramani ya ghuba hiyo, pamoja na miamba ambayo maji yakijaa haionekani, na alikuwa ameiandika kwa namna ambayo ingefanya kazi katika simu za bei nafuu ambazo wavuvi wetu wanazo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Vipi, ramani imegoma?"

"Haijagoma, Mwalimu. Nimeambiwa nisiitoe. Nimeambiwa njia niliyotumia ina mwenyewe."

Aliyemwambia hivyo alikuwa mtu mzima anayewashauri vijana wabunifu. Hakumwonesha karatasi yoyote. Alimwambia tu kwamba mambo ya picha za kompyuta "yana hataza za Wamarekani", na kwamba akithubutu kuisambaza programu yake atashtakiwa na baba yake atauza mtumbwi kulipa mawakili. Kwa neno hilo moja, kazi ya miezi minane ilikuwa imefungiwa ndani ya simu.

Naandika makala haya kwa sababu ya binti huyo, lakini hayamhusu yeye peke yake. Yanahusu swali ambalo nchi yetu haijalijibu: je, mtu anaweza kumiliki njia ya kukokotoa? Sheria yetu inapolinyamazia swali hilo, ni nani hulijibu kwa niaba yetu?

Kwanza tuelewe kinachogombewa. Ukisimama dirishani katika nyumba iliyopo Capri Point, utauona Mwamba wa Bismarck, utaona sehemu ya ziwa, pengine na meli inayoingia bandarini. Ziwa ni kubwa kuliko dirisha lako. Kile kilicho nje ya fremu kipo, ila hukioni. Kioo cha simu nacho ni dirisha. Ramani ya ghuba nzima imo ndani ya kumbukumbu ya simu, lakini kioo kinaonesha kipande tu. Kabla ya kuchora, kompyuta lazima iamue kipi kimo ndani ya fremu, kipi kiko nje, na kile kinachopita mpakani kikatwe wapi. Kazi hiyo ya kukata kilichozidi naiita kupogoa picha, kama mkulima anavyopogoa matawi yaliyovuka uzio.

Kupogoa kunahitaji mahali pa kuweka matokeo ya muda. Umbo likikatwa upande wa kushoto linapata sura mpya. Likikatwa na juu, linapata sura nyingine tena. Sura hizo za kati huwekwa katika hifadhi ya muda ndani ya kumbukumbu, ambayo mafundi huiita bafa. Simu ya bei nafuu ina kumbukumbu ndogo. Kwa hiyo ujanja wote wa binti yule ulikuwa hapo: kupogoa ramani bila kujaza bafa.

Ujanja huo si mpya. Mwaka 1974 wanasayansi wawili wa Marekani, Ivan Sutherland na Gary Hodgman, walichapisha katika jarida la kitaaluma njia ya kupogoa maumbo ambayo wanafunzi wa kompyuta duniani kote huisoma hadi leo. Badala ya kulikata umbo kwa pande zote nne kwa mkupuo, unalikata kwa ukingo mmoja, na kila nukta inayotoka hapo unaikabidhi moja kwa moja kwa ukingo wa pili, kisha wa tatu, kisha wa nne. Fikiria watu wanaopokezana ndoo za maji kuzima moto. Kila mmoja anashika ndoo moja tu, na hapahitajiki pipa katikati ya mstari. Ndivyo ilivyo na njia ile. Kila hatua inakumbuka nukta chache tu, na sura za kati hazihitaji kuhifadhiwa nzima.

Mwaka huohuo wa 1974, njia hiyo ilipewa hataza nchini Marekani kama mfumo wa kompyuta wa kupogoa maumbo. Kwa hiyo kitu kimoja kilitoka kwa sura mbili. Katika jarida kilikuwa maarifa ya kila mtu, na katika daftari la hataza kilikuwa mali ya kampuni. Mkanganyiko wote ninaouzungumzia leo unaanzia katika sura hizo mbili.

Hataza ni mapatano kati ya mvumbuzi na jamii. Mvumbuzi anaeleza hadharani jinsi kitu chake kinavyofanya kazi, na jamii inampa haki ya kuwazuia wengine wasikitumie kwa muda maalumu, ambao siku hizi katika nchi nyingi ni miaka 20. Muda ukiisha, kitu kinakuwa cha wote. Mapatano hayo yana mpaka wa kale: huwezi kupewa hataza ya kanuni ya asili, wala ya hesabu. Hakuna aliyewahi kumiliki kujumlisha. Lakini kompyuta ni mashine inayofanya kazi kwa hesabu tupu. Basi mtu akileta programu ofisi ya hataza, ameleta mashine au ameleta hesabu?

Rufani moja iliyolibeba swali hilo kwa uzito wake wote ilihusu picha. Wahandisi watatu waliofanya kazi na kampuni ya Tektronix ya Marekani, wa kwanza wao akiitwa Kuriappan Alappat, waliomba hataza ya njia ya kulainisha mstari wa wimbi katika kioo cha osiloskopu, yaani kile chombo ambacho mafundi wa umeme hukitumia kuona mawimbi. Mstari ukichorwa kwa nukta za kioo huonekana una meno kama msumeno. Wao walikokotoa ukali wa mwanga wa kila nukta ili jicho lione mstari laini. Mkaguzi wa Ofisi ya Hataza alikataa ombi lao, akisema hiyo ni hesabu iliyovishwa nguo za mashine. Wakakata rufani katika Bodi ya ofisi hiyohiyo. Jopo la wajumbe watatu likawapa ushindi.

Kilichofuata ningependa watumishi wa umma wanaonisoma wakitazame kwa makini. Mkaguzi aliomba uamuzi ule uangaliwe upya. Likaundwa jopo jipya la watu wanane. Watatu walikuwa walewale wa mwanzo, na watano walioongezwa walikuwa viongozi wa ofisi: Kamishna mwenyewe, naibu wake, kamishna msaidizi, mwenyekiti wa Bodi na makamu wake. Kura zikawa tano kwa tatu. Watatu wa mwanzo walibaki na msimamo wao, na watano walioongezwa wakaugeuza uamuzi. Waombaji wakashindwa mbele ya rufani ambayo awali walikuwa wameshinda.

Sihitaji kuwaeleza Watanzania ladha ya jambo hilo. Sote tumewahi kukaa katika kamati iliyoleta jibu lisilopendeza, kisha tukasikia kwamba kamati "imeongezewa nguvu". Ninachotaka tukione ni kwamba hata hoja ya kitaalamu kama mwanga wa nukta katika kioo inaamuliwa na watu, na watu hao wamepangwa na mtu mwingine. Anayepanga viti vya rufani ana nguvu kuliko anayeandika hoja.

Julai 1994 Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho, inayosikiliza mashauri ya hataza Marekani, ilitoa hukumu yake. Kuhusu viti vilivyoongezwa, haikuutupa uamuzi kwa sababu hiyo. Iliona kwamba sheria ya wakati ule ilimpa Kamishna mamlaka ya kupanga wajumbe. Kuhusu hoja yenyewe, iliwapa ushindi wahandisi. Jaji Giles Rich aliandika kwamba kompyuta ya kawaida ikishawekewa programu inakuwa, kwa hakika, mashine mpya yenye kazi maalumu. Jaji Mkuu wa mahakama hiyo, Glenn Archer, hakukubaliana. Alitoa mfano wa muziki. Wimbo mpya ukirekodiwa katika santuri hauifanyi santuri kuwa uvumbuzi mpya wa kiufundi, hata kama wimbo ni mzuri kiasi gani.

Mimi namuunga mkono Archer katika mantiki, ingawa nawaonea huruma wahandisi wale. Walitengeneza chombo halisi, na kama wangepewa hataza ya chombo hicho, pamoja na sehemu zake na kazi yake, nisingelalamika. Tatizo ni sentensi iliyowapa ushindi. Ukishakubali kwamba programu inaifanya kompyuta ya kawaida kuwa mashine mpya, mpaka kati ya hesabu na mashine umeufuta. Na ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1998 mahakama hiyohiyo ilipita mlango huohuo na kukubali hataza ya mfumo wa kukokotoa thamani za mifuko ya uwekezaji. Ilichukua hadi Juni 2014 kwa Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la kampuni ya Alice dhidi ya CLS Bank, kusema kwa kauli moja kwamba wazo la kufikirika haligeuki kuwa uvumbuzi kwa kuambatanishwa tu na kompyuta ya kawaida. Ni karibu miaka 20 tangu hukumu ya Alappat, yaani takribani umri mzima wa hataza moja.

Ulaya walipita njia tofauti. Mkataba wao wa hataza wa mwaka 1973 unasema wazi kwamba njia za hesabu na programu za kompyuta, zikiwa peke yake, si uvumbuzi. Mwaka 1986 Bodi ya Rufani ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliamua shauri la kampuni ya Vicom, ambalo nalo lilihusu picha za kidijitali. Ilisema kwamba hesabu haimilikiwi, lakini mchakato wa kiufundi unaotumia hesabu hiyo kubadili kitu halisi, na hapo kitu hicho kilikuwa picha, unaweza kupewa hataza. India nayo imeandika katika sheria yake kwamba njia za hesabu, njia za biashara, programu za kompyuta zikiwa peke yake na algoriti havipewi hataza. Unaweza kukubaliana nao au usikubaliane. Angalau wamesema.

Pengine msomaji atasema: hayo ni mabishano ya matajiri, sisi yanatuhusu nini? Nitajibu kwa kisa cha mtu tajiri, ili tuone masikini angefanywaje. John Carmack wa kampuni ya id Software ni miongoni mwa waandishi mashuhuri wa michezo ya kompyuta duniani. Mwaka 2000, akitafuta namna ya kuchora vivuli, alikumbana na tatizo la kupogoa: kivuli kikikatwa na ukingo wa karibu wa dirisha, hesabu iliyomo katika bafa inaharibika, na palipo na mwanga panaonekana giza. Akapata ufumbuzi kwa akili yake mwenyewe: badala ya kuhesabu nyuso za kivuli zilizo mbele ya kitu, ahesabu zilizo nyuma yake. Haukuwa ugunduzi wa kwanza. Wafanyakazi wawili wa kampuni ya Creative walikuwa wamefikia njia hiyohiyo mwaka 1999, na kampuni hiyo ikapata hataza mwaka 2002.

Carmack hakuiba kitu. Alifikiri, akafika mahali ambapo mwingine alikuwa ameshafika. Lakini sheria ya hataza haiulizi kama umeiba. Inauliza nani aliwahi. Mwaka 2004, mchezo wa Doom 3 ulipokaribia kutoka, kampuni yake ilikubaliana na Creative: waruhusiwe kutumia njia ile, na wao waingize teknolojia ya sauti ya Creative katika mchezo wao. Mwaka 2011, alipotaka kuutoa msimbo wa mchezo huo bure kwa umma, wanasheria waliingiwa na wasiwasi, ikambidi aandike upya mistari michache ili kuikwepa hataza ileile. Hivyo ndivyo ilivyomkuta mtu mwenye mawakili, fedha na jina. Mtoto wa nahodha wa Igogo yeye asingefika hata kwenye meza ya mazungumzo. Angefunga simu yake na kunyamaza, kama alivyokuwa amefanya.

Sasa turudi nyumbani. Sheria yetu ya Usajili wa Hataza ya mwaka 1987, Sura ya 217, inataja mambo yasiyohesabiwa kuwa uvumbuzi: ugunduzi, nadharia za kisayansi na za kihisabati, mipango na kanuni za kufanya biashara, kazi za akili tupu, michezo, na uwasilishaji mtupu wa taarifa. Programu za kompyuta hazimo katika orodha hiyo, wala haisemwi kwamba zinapewa hataza. Sheria imekaa kimya. Kwa upande mwingine, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazitambua programu za kompyuta miongoni mwa kazi zinazolindwa. Kwa hiyo maneno ya msimbo ya binti yule yanalindwa kama maneno ya mwandishi wa riwaya, bila ada na bila wakili. Lakini njia iliyo nyuma ya maneno hayo, ile ya kupogoa kwa kupokezana ndoo, haijulikani imekaa upande gani wa uzio. Na hapo nazungumzia Tanzania Bara tu. Zanzibar ina sheria yake ya mali za viwanda ya mwaka 2008, kwa kuwa eneo hili si la Muungano.

Wapo watakaosema ukimya huo una faida: tusijifunge mapema, tuone dunia inakwendaje. Ningewaunga mkono kama ukimya wetu ungekuwa wetu peke yetu. Lakini Tanzania ni mwanachama wa Itifaki ya Harare ya mwaka 1982, ambayo chini yake Shirika la Miliki Ubunifu la Kanda ya Afrika, ARIPO, hupokea ombi moja la hataza na kuitoa kwa nchi kadhaa kwa pamoja. Kabla hataza haijatolewa, ofisi ya Harare huziarifu nchi zilizotajwa katika ombi. Nchi ina miezi sita ya kuandika kwamba hataza hiyo haitakuwa na nguvu katika ardhi yake, na sababu moja inayokubalika ni kwamba sheria ya nchi hiyo hairuhusu hataza kwa uvumbuzi wa aina ile. Miezi sita ikipita bila neno, hataza inatolewa.

Tazameni ufundi wa mtego huo. Ili mkaguzi wetu aandike barua ya kukataa, lazima awe na kifungu cha kusimamia. Sheria isiposema kwamba programu na algoriti zikiwa peke yake si uvumbuzi, mkaguzi mwaminifu kabisa, hata akiwa na shaka moyoni, hana pa kuegemea. Atanyamaza, na kwa utaratibu ule kunyamaza kwake ni kukubali. Hivyo swali ambalo Bunge letu halijalijadili linajibiwa na kalenda.

Nilipowauliza wanafunzi wangu wa sheria wataje shauri la hataza la Afrika Mashariki, walitaja lile la ndoo ya taka inayofunguliwa kwa mguu: kampuni ya Sanitam dhidi ya Rentokil, lililofika Mahakama ya Rufani ya Kenya na kuamuliwa mwaka 2006. Hataza iliyogombewa ilitolewa na ARIPO. Ndoo ni kitu cha kushikika. Jaji anaweza kuletewa mahakamani akaikanyaga. Siku shauri la kwanza la algoriti litakapotufikia, jaji wetu hatakuwa na cha kukanyaga. Atakuwa na sheria ya mwaka 1987 iliyonyamaza, na lundo la hukumu za Marekani na Ulaya zinazopingana.

Najua hoja ya upande wa pili, na si nyepesi. Vijana wetu wengi hawaogopi hataza, wanazitaka. Wanaona kampuni kubwa zikichukua mawazo yao katika mashindano ya ubunifu, kisha mwaka unaofuata huduma ileile inatangazwa kwenye mabango. Wananiambia: Mwalimu, bila hataza tutalindwa na nini? Wanakumbuka pia kwamba M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007 na kuingia kwetu mwaka 2008, ilikuwa mali ya Vodafone ya Uingereza hadi Aprili 2020, Safaricom na Vodacom zilipoinunua chapa hiyo pamoja na kazi ya kuiendeleza. Somo wanalolipata ni kwamba anayemiliki karatasi ndiye anayekula.

Somo hilo lina ukweli, lakini ni nusu. Hataza ni haki ya kushtaki, na haki ya kushtaki ina thamani kwa mwenye uwezo wa kushtaki. Kijana wa Mabatini mwenye hataza moja, akikabiliana na kampuni yenye hataza elfu moja, atakuta kwamba yeye ndiye anayevunja hataza zao nyingi kabla wao hawajavunja yake. Ulinzi wake halisi uko katika hakimiliki ya msimbo wake, mkataba ulioandikwa kabla hajafungua kinywa mbele ya kampuni, na sheria ya ushindani inayotekelezwa. Na akitengeneza kifaa, tuseme kikaushio cha dagaa kinachojirekebisha kwa unyevu wa hewa, hicho ni kitu cha kiufundi. Apewe hataza bila kusuasua, hata kama ndani yake kuna programu. Mpaka ninaoutetea haumnyimi mvumbuzi chochote kinachoshikika. Unazuia tu mtu mmoja kuweka uzio kuzunguka jedwali la kuzidisha.

Muda tunao, ila hauna ukarimu wa milele. Kwa kuwa tumo katika kundi la nchi zenye maendeleo duni, Shirika la Biashara Duniani limetuongezea hadi Julai 1, 2034 kabla hatujalazimika kutekeleza kikamilifu mkataba wake wa miliki ubunifu. Nchi nyingine ziliandika sheria zao zikiwa tayari zimebanwa. Sisi tunaweza kuandika tukiwa huru, kama tutaandika.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, sheria iseme kwa maneno machache kwamba njia za hesabu, algoriti na programu za kompyuta zikiwa peke yake si uvumbuzi, na kwamba kifaa au mchakato wa kiufundi haupotezi haki kwa sababu tu unatumia programu. Kifungu hicho kimoja kitampa mkaguzi pa kusimama ndani ya ile miezi sita.

Pili, tuwe na baraza la rufani za miliki ubunifu ambalo wajumbe wake wanajulikana kabla shauri halijafika, na hawaongezwi baada ya uamuzi kutoka. Uamuzi wake uchapishwe pamoja na sababu zake, na uchapishwe kwa Kiswahili. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu; hakuna sababu ya elimu ya hataza kubaki lugha ya siri. Binti yule alitishwa kwa neno ambalo hakuna aliyewahi kumfafanulia.

Tatu, vyuo vikuu vibebe sehemu ya mzigo huu. Wakaguzi wanahitaji watu wa kuwasaidia kutambua kwamba kinacholetwa kama kipya kilichapishwa mwaka 1974. Tunao wanafunzi wanaoweza kufanya kazi hiyo kama sehemu ya masomo yao, na wahadhiri wanaotafuta cha kuandikia. Nasi tuwafundishe vijana jambo moja jepesi: ukichapisha njia yako hadharani, yenye tarehe, hakuna atakayekuja kesho kuidai kuwa uvumbuzi wake mpya. Kuchapisha kuna gharama, kwa maana wewe mwenyewe nawe kwa kawaida unapoteza nafasi ya kuiombea hataza. Lakini kwa njia ya kukokotoa, naamini hiyo ni gharama ya halali.

Nilimweleza binti yule yote haya kwa ufupi kuliko nilivyoyaandika hapa. Nilimwambia kwamba hataza ya Marekani haina nguvu nje ya Marekani, na kwamba ile ya mwaka 1974 imekwisha muda wake zamani, hata huko ilikozaliwa. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Mwalimu, na kama ingekuwa mpya? Na kama ingekuwa imeandikishwa hapa kwetu?"

Nilimjibu kwa uaminifu kwamba sheria yetu haina jibu la wazi. Aliondoka na ruhusa ya kuisambaza ramani yake, na baba yake sasa anaitumia. Mimi nimebaki na swali lake. Naliweka mbele yenu, wanafunzi, wanaharakati na hasa nyinyi mnaoandaa miswada katika ofisi za Dodoma, kwa sababu mwanafunzi atakayeliuliza mara ya pili anastahili jibu lililoandikwa.

Naomba kuwasilisha.